Wanga Ulio Kimya: Nafasi ya Maziwa katika Lishe ya Wanga Kidogo

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii yaafiki hali ya maziwa katika lishe ya mtu aliyeshauriwa apunguze wanga, hasa mgonjwa wa kisukari. Mtu huyo huacha ugali, chapati na viazi, kisha akaendelea kunywa vikombe vinne vya chai kwa siku pasipo wasiwasi. Mwingine naye huyaacha maziwa kabisa, akajinyima protini na kalisiamu zinazomfaa. Wote wawili wamepotoka.

Chanzo kimoja cha utata huu ni neno lenyewe. Katika matumizi ya kawaida, 'wanga' ni ule unga mweupe upatikanao katika muhogo, mahindi na viazi. Katika taaluma ya lishe, neno hilo limepanuliwa kimaana likalingana na kabohaidreti, kundi linalojumuisha pia sukari za kila aina. Kwa maana ya kwanza, maziwa hayana wanga. Kwa maana ya pili, yanao. Sukari ya maziwa huitwa laktosi, na utamu wake ni hafifu kuliko wa sukari ya miwa, ndiposa ulimi hauitambui upesi.

Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe huwa na takriban gramu 5 za laktosi; glasi ya mililita 250 basi ina gramu 12 hivi. Lishe ya wanga kidogo kwa kawaida haizidi gramu 130 kwa siku, na iliyo kali zaidi hushuka hadi gramu 50 au chini yake. Kwa mfuasi wa lishe hiyo kali, glasi mbili ni karibu nusu ya fungu la siku. Kuengua mafuta hakusaidii, kwani laktosi imo katika maji ya maziwa.

Kanuni hiyo ndiyo inayotofautisha vyakula vitokanavyo na maziwa. Siagi na samli ni mafuta, hazina wanga wa kutajika. Jibini ngumu hupoteza laktosi pamoja na maji yanayochujwa, na masalio humalizwa na bakteria inapokomaa. Katika maziwa lala, na katika mursik ya Wakalenjin igandishwayo kibuyuni, bakteria hugeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi. Hata hivyo, ukali huo usimhadae mnywaji, kwani nyingine hubakia. Mtindi uliotiwa sukari huyazidi maziwa yenyewe.

Ikumbukwe pia chai. Kikombe chenye mililita 100 za maziwa kina gramu 5 za laktosi, ilhali vijiko viwili vidogo vya sukari huongeza gramu 8 hivi. Anayeyalaumu maziwa na kukisahau kijiko amemwacha mwizi akamshika jirani.

Kwa hivyo, maziwa hayastahili kufukuzwa mezani, bali kupimwa. Samli nayo isiliwe bila kiasi kwa sababu tu haina wanga, maana mafuta yake yaweza kudhuru moyo. Aidha, atumiaye insulini asibadilishe lishe kabla ya kumwona daktari, asije akashukiwa na sukari mwilini ghafla. Nao wanaotafsiri vijikaratasi vya hospitali wana wajibu: wasiandike 'punguza wanga' pasipo kufafanua ni wanga upi. Neno moja lisiloelezwa laweza kumgharimu msomaji afya yake.