384: Namba Inayotangulia Swali

Ukikabidhiwa ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa sosholojia, elimu au maendeleo ya jamii hapa magharibi mwa Kenya, ruka kurasa zote hadi sura ya tatu. Mara nyingi utaikuta namba 384 imekaa pale inakungoja. Awe anachunguza pombe haramu mjini Kakamega, ndoa za mapema Lugari, au bodaboda na wasichana wa shule Mumias, wahojiwa wake ni 384. Ukimuuliza kwa nini si 200 wala 500, atakutajia kitabu.

Namba yenyewe haikuokotwa barabarani. Chukua 1.96 uizidishe kwa 1.96, kisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, halafu ugawanye kwa 0.05 mara 0.05. Unapata 384.16. Ile 1.96 inasimamia kiwango cha uhakika cha asilimia 95, 0.05 ni kosa tunaloweza kulivumilia, asilimia tano juu au chini, na 0.5 huwekwa pale mtafiti asipojua hata kwa kukisia ni sehemu gani ya watu wana jambo analolichunguza. Kitabu cha mbinu za utafiti cha Olive na Abel Mugenda, kilichotoka mwaka 1999, kimeifikisha kanuni hii kwa vizazi vya wanafunzi wa Kenya, na jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linatoa 384 hiyo hiyo kwa jamii ya watu milioni moja.

Sina ugomvi na hesabu. Ninachokataa ni kuitumia kujibu swali ambalo haikuulizwa. Kanuni hii inajibu jambo moja tu: katika jamii hii, ni asilimia ngapi ya watu wako hivi au vile? Haisemi lolote kuhusu sababu. Haitoshi kulinganisha makundi mawili: mtu anayetaka kugundua tofauti kati ya asilimia 15 ya walioacha shule upande mmoja na asilimia 25 upande wa pili, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo, anahitaji karibu watu 250 kila upande, yaani 500. Tena inadai kila mhojiwa achaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya watu wote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega. Orodha ya majina yao mwanafunzi hana, wala hatapewa.

Kwa hiyo hufanya lile linalowezekana: anachagua vijiji, kisha anahoji watu kumi au ishirini katika kila kijiji. Si vibaya, lakini ina gharama yake. Majirani hufanana. Wanakunywa maji ya chemchemi moja, watoto wao wanasoma shule moja, wanauza miwa kwa mnunuzi yule yule. Mtu wa ishirini katika kijiji hakuongezei habari kama alivyokuongezea wa kwanza. Wanatakwimu wana njia ya kulipima hili. Tuseme umehoji watu 20 kwa kila kijiji, na mfanano wa majirani ni mdogo tu, 0.05, unazidisha 19 kwa 0.05, unajumlisha moja, unapata 1.95. Wahojiwa wako 384 sasa wana uzito wa watu 197 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Ni afadhali vijiji vingi na watu wachache katika kila kimoja, kuliko vijiji vichache vilivyohojiwa hadi paka wa mwisho. Nauli itapanda, najua.

Nimeanza na namba kwa sababu wanafunzi nao huanza hapo, na hapo ndipo mipango mingi hupindia. Chukua mada ninayoipenda kwa kuwa ni ya hapa hapa: dhahabu. Kakamega ilishuhudia mbio za dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman karibu na mji ulifanya kazi hadi mwaka 1952. Wazungu wa migodi waliondoka, mashimo hayakuondoka. Leo Ikolomani kuna wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba, wanawake wanaoponda mawe na kuosha mchanga, na zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Mwanafunzi anakuja na kichwa cha habari: “Athari za uchimbaji wa dhahabu kwa elimu ya watoto katika Kaunti Ndogo ya Ikolomani.”

Neno zito hapo ni “athari”. Ukiwahoji wazazi mara moja, mwezi mmoja, ukakuta kwamba watoto wa karibu na machimbo huacha shule zaidi, umeona mambo mawili yakitembea pamoja. Hujui ni lipi linamvuta mwenzake. Huenda mtoto aliacha shule kwa kukosa karo, kisha ndiyo akaenda machimboni. Huenda familia zilizo na dhiki zaidi ndizo zilizohamia karibu na mashimo. Anayetaka kudai athari lazima apange tangu mwanzo namna ya kuzitenga sababu hizi: awe na vijiji visivyo na dhahabu vinavyofanana na vile vyenye dhahabu, au awe na rekodi za nyuma. Na rekodi zipo! Rejista za mahudhurio shuleni ni data ya miaka mingi iliyojazwa kwa mkono wa walimu, lakini wanafunzi huzipita mlangoni wakikimbilia kuchapisha hojaji.

Sasa ligeuze swali. Mtoto wa miaka 14 anaamuaje, asubuhi ya Jumatatu, kwenda shimoni badala ya darasani? Nani nyumbani anajua, na nani anajifanya hajui? Pesa anazoleta zinabadilishaje sauti yake mbele ya baba? Hapa asilimia haina kazi. Ni swali la utafiti wa kimaelezo, na mpango wake ni mwingine kabisa: watu wachache, muda mrefu pamoja na kila mmoja, kurudi mara ya pili, kukaa machimboni na kuangalia.

Wachache kiasi gani? Guest, Bunce na Johnson walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria. Walipofika mahojiano ya kumi na mbili, karibu mada zote muhimu zilikuwa zimekwisha kujitokeza. Tangu hapo 12 imeanza kuwa 384 ya upande wa pili: wanafunzi huinukuu kama amri. Wanawake wale walikuwa kundi lenye maisha ya kufanana, wakaulizwa maswali yale yale. Ukitaka kuwasikia watoto, wazazi, walimu na wenye mashimo, una makundi manne, na kila kundi lina hesabu yake ya kushiba. Jambo la kuandika kwenye pendekezo ni namna utakavyojua kwamba umefika: utasikiliza na kuchambua kila mahojiano kabla ya kufanya yanayofuata, na utaacha pale mahojiano mawili au matatu mfululizo yasipoleta jipya. Mwanafunzi anayerekodi mahojiano yote kwanza, kisha ayafungue mwisho wa muhula, amejinyima faida kubwa kuliko zote za mbinu hii, ambayo ni kuboresha maswali njiani.

Anayedhani kwamba utafiti wa kimaelezo ni njia ya mkato ya wasiojua hesabu amsome Kenda Mutongi. Mwanahistoria huyu wa Maragoli, ambako siku hizi ni Kaunti ya Vihiga lakini kulikuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Kakamega, alichapisha mwaka 2007 kitabu *Worries of the Heart*, kuhusu wajane. Alitumia nyaraka na masimulizi ya wanawake wenyewe. Alionyesha jinsi wajane walivyoyatoa hadharani machungu yao kwa namna iliyowabana wanaume kutimiza wajibu wao. Jaribu kulipata jambo hilo kwa hojaji yenye visanduku vya “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa”. Mjane angetia alama kwenye “nakubali”, akarudi shambani na siri yake.

Upande wa takwimu nao una mfano mkubwa papo hapo mlangoni. Kati ya 2012 na 2014, jaribio lililoitwa WASH Benefits liliandikisha wajawazito 8,246 katika maeneo 702 ya Kakamega, Bungoma na Vihiga. Maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu: mengine yakapewa klorini ya maji, mengine vyoo bora, mengine vifaa vya kunawia mikono, mengine lishe, mengine mchanganyiko, mengine hayakupewa kitu ili yawe ya kulinganishia. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Watoto waliopata lishe waliongezeka urefu kidogo, lakini kuhara hakukupungua, ilhali katika jaribio pacha la Bangladesh kulipungua. Utafiti wa kiwango hicho ulithubutu kusema hivyo kwa sababu ulikuwa umeandika mapema ni kipi utakipima na utakipima vipi. Haukupata nafasi ya kuvua matokeo matamu baadaye. Ilionekana pia kwamba matumizi ya klorini yalishuka mwaka wa pili. Kwa nini mama aache dawa aliyoitumia mwaka mzima? Hapo namba inanyamaza, na mtu mwenye daftari na subira anaingia kazini.

Ndiyo maana sipendi wanafunzi wanaoandika “mbinu mseto” kwa sababu tu msimamizi anaipenda. Mseto una maana pale upande mmoja unapoulisha mwingine. Ukianza na mahojiano manane Ikolomani, utajua kwamba “kuacha shule” si tukio la siku moja, kuna watoto wanaokwenda shule siku tatu na shimoni siku mbili, na hojaji inayouliza “Je, umeacha shule?” itawakosa wote. Ukianza na rejista, utaona shule mbili zilizo jirani na machimbo zenye mahudhurio tofauti kabisa, na hizo ndizo za kwenda kukaa na kusikiliza. Ukifanya yote wiki moja, bila upande mmoja kuujua mwingine, umeandika tafiti mbili nyembamba na kuzibana kwa pini moja.

Lipo pia kosa la kuhesabu upya kilichohesabiwa. Mwanafunzi anayetaka kujua mimba za wasichana wa miaka 15 hadi 19 zimeenea kiasi gani katika kaunti anashindana na Shirika la Takwimu la Taifa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikwisha kutoa takwimu za kila kaunti: kitaifa asilimia 15, kutoka 18 mwaka 2014, na Samburu asilimia 50. Chukua takwimu hiyo iwe ya kuanzia, kisha uliza lile lisiloonekana katika ngazi ya kaunti: kwa mfano, shule zinawapokeaje wasichana wanaorudi baada ya kujifungua?

Kipimo changu kwa pendekezo lolote la kitakwimu ni majedwali matupu. Kabla hujaandika swali moja la hojaji, chora majedwali yatakayokuwa katika sura ya nne, yenye vichwa vya safu na mistari lakini bila namba. Kila swali lisiloingia kwenye jedwali lolote lifutwe. Nimeona hojaji za maswali sitini zikibaki na kumi na nane, na mhojiwa akaokolewa nusu saa ya maisha yake.

Yanayobaki ni karatasi na kalenda, na hapa ndipo miradi hufia. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kamati ya maadili ya chuo hutangulia. Kisha ofisi ya kamishna wa kaunti, ya elimu ikiwa unaingia shuleni, halafu chifu, naibu wake na mzee wa kijiji. Usimruke huyu wa mwisho kwa kuwa hana muhuri, ndiye atakayeulizwa na watu jioni, “Wale ni nani na wanataka nini?” Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mtoto wa machimboni hahojiwi mbele ya mwenye shimo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama data yako iko kwenye simu tu. Na panga mapema utafanya nini mtoto akikusimulia kwamba anadhulumiwa: nambari ya bure ya watoto, 116, iwe mfukoni mwa kila msaidizi wako, pamoja na ofisi ya watoto iliyo karibu.

Wasaidizi uwachague wanaojua lugha ya mahali. Mtu wa Butere na mtu wa Malava wote ni Waluhya, lakini hojaji iliyotafsiriwa kwa mmoja inahitaji kujaribiwa tena kwa mwingine.

Kalenda nayo ina masharti yake. Machi na Aprili watu wako shambani kupanda. Ukifika saa nne asubuhi utahoji wazee na wagonjwa tu, kisha utaandika kwamba jamii ina wazee wengi. Agosti ni mavuno na likizo, na katika baadhi ya koo ni msimu wa tohara. Desemba nyumba zimejaa wageni kutoka Nairobi, na kaya uliyoihesabu si kaya inayoishi pale. Ikolomani na Shinyalu, asubuhi ya mafahali kupigana, usijisumbue kubisha milango kwa ajili ya hojaji. Kijiji chote kiko uwanjani, wakiwemo wavulana wa machimboni na pesa zao za wiki, na kwa anayefanya utafiti wa kimaelezo hiyo ndiyo siku ya kuwahi mapema.