Ajali ya Pellston: Si Kosa la Rubani Peke Yake



Usiku wa tarehe 9 Mei, 1970, ndege ndogo ya kukodi aina ya Learjet ilitoka Detroit, Marekani, kwenda uwanja mdogo wa Pellston, kaskazini mwa jimbo la Michigan. Ndani alikuwamo Walter Reuther, rais wa Chama cha Wafanyakazi wa Magari (UAW) tangu mwaka 1946, pamoja na mkewe May. Walikuwa wakienda Black Lake, ambako chama kilikuwa kikijenga chuo cha wanachama wake. Mchoraji wa majengo hayo, Oscar Stonorov, alikuwa nao. Ilipokaribia kutua, ndege ilipiga vilele vya miti, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wote sita walikufa.

Ajali kama hii ikitokea, ni rahisi kusema, "Rubani alikosea," na kufunga faili. Tume ya Serikali iliyoichunguza haikuishia hapo.

Tume ilieleza kwamba njia ya kutulia haikuwa na taa za kumwongoza rubani anaposhuka, na ardhi ya chini ilikuwa giza tupu. Rubani asiyeona taa yoyote ardhini hudanganywa na macho yake: hujiona bado yu juu, kumbe miti iko karibu.

Hapo ndipo altimita hutegemewa. Chombo hiki hupima kani ya hewa, ambayo hupungua kadiri ndege inavyopanda, na mshale wake huonyesha kimo. Wachunguzi walipofungua altimita ya ndege ile walikuta baadhi ya vipande havimo, vingine si vyake, na kimoja kimepachikwa kichwa chini. Wako walioshuku kwamba kulikuwa na hila. Lakini chanzo ambacho Tume ilikiandika ni macho kudanganywa na giza.

Sisi tunaona funzo moja. Taa zina gharama. Vipuri halali vina gharama. Hata muda wa fundi kuikagua kazi yake mara ya pili una gharama. Bajeti ikibana, hizo ndizo hukatwa kwanza, na anayelipa ni aliyemo safarini.

Kwa hiyo, katika karakana yoyote, ya ndege, ya reli au ya mabasi, mwanachama akikataa kutia sahihi kazi isiyokamilika, asiachwe peke yake mbele ya meneja. Tawi zima limsimamie.