Mgeuko wa Pua: Kurekebisha Usukani wa Ndege Isiyo na Rubani

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo linalowatatiza wengi wanaoanza kurusha droni zenye mabawa, yaani kazi ya usukani wa mkia na namna ya kuupangia namba zake katika kompyuta ya ndege. Tatizo hili ni la kifundi, lakini mzizi wake mmoja umo katika lugha.

Kwa Kiswahili, chombo chochote kibadilishacho njia husemwa kuwa kimegeuka. Kwa mashua neno hilo latosha: nahodha akisogeza usukani, omo hugeuka, na njia hugeuka pamoja nayo. Ndege haifuati kanuni hiyo. Ndege hukata kona kwa kulala ubavu: bawa moja hushuka, la pili hupanda, na nguvu iliyokuwa ikiinua juu tu huanza kuvuta kando pia. Kazi ya usukani ni kuilinda pua ielekee kule ndege iendako. Kwa hiyo yafaa tutenge istilahi mbili: mlalo wa ubavu na mgeuko wa pua.

Haja ya usukani huonekana kona inapoanza. Ndege ikitaka kulala kuliani, eleroni ya bawa la kushoto hushuka ili bawa hilo lipande. Lakini bawa linaloinua zaidi hukokotwa na hewa zaidi. Basi pua huvutwa kushoto, kinyume cha kona. Ndugu Wright wa Marekani walikabiliana na tatizo hili katika majaribio yao, na mwaka 1902 waliunganisha usukani wa nyuma na kamba za kupinda mabawa, ili viwili hivyo vitende kazi pamoja.

Wazo lilo hilo limo katika ArduPlane, programu ya mradi wa ArduPilot ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Namba iitwayo KFF_RDDRMIX huamua ni sehemu gani ya mwendo wa eleroni ipelekwe pia kwenye usukani. Ikiwa 0, usukani hausaidii eleroni hata kidogo, ikiwa 0.5, hupokea nusu. Mrushaji huilaza ndege upesi upande mmoja, kisha upande wa pili, akitazama pua. Pua ikikimbilia kinyume cha mlalo, namba huongezwa kidogo kidogo, isizidi 1.

Namba ya pili, YAW2SRV_DAMP, ni ya kutuliza. Jairo hupima kasi ya mgeuko wa pua, na usukani husogea kuipinga, ili mkia usiyumbe baada ya dhoruba ndogo ya upepo. Huanzia 0 na kuongezwa kwa hatua ndogo, kama 0.05. Mkia ukianza kutikisika wenyewe, kipimo kimepita kiasi, nacho hupunguzwa hadi nusu.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, kitulizo hiki hakitapinga hata kona tuliyoitaka? Kingeipinga, lau programu isingejua kasi inayostahili kona hiyo. Ndege iendayo mita 15 kwa sekunde, ikiwa imelala nyuzi 30, hugeuka nyuzi 22 hivi kila sekunde, na hukamilisha duara kwa sekunde 17 hivi. Programu hukokotoa kasi hiyo kutokana na mlalo na mwendo, ikaiondoa kwenye kipimo cha jairo. YAW2SRV_RLL hurekebisha hesabu hiyo, na kwa kawaida huachwa karibu na 1. YAW2SRV_INT na YAW2SRV_SLIP huachwa kwenye 0 mpaka hizo za kwanza zimekwisha kutulia.

Kabla ya kuruka, rafadha iondolewe, kisha ndege ishikwe mikononi. Kwanza mrushaji apeleke mkono wa usukani kulia: ubao wa mkia sharti uelekee kulia. Kisha, katika hali ya kujisawazisha, kitulizo kikiwa kimewekewa namba ya majaribio iliyo kubwa kiasi, pua izungushwe kwa haraka kwenda kulia: ubao sharti uelekee kushoto. Ukielekea kulia, kitulizo kinauchochea mgeuko badala ya kuupinga, na ndege hiyo isirushwe.

Ni katika ukaguzi huu ambapo istilahi zetu zina uzito. Mwalimu akisema tu, "igeuze kulia," mwanafunzi mmoja ataiinamisha ndege ubavu na mwingine ataizungusha pua. Wa kwanza ataona eleroni zikisogea, na aweza kuridhika, ilhali kitulizo kilicho kinyume hakijakaguliwa. Akiambiwa "zungusha pua," hatakosa kuuangalia usukani.