Breki za nyuma zikilia: kutibu kelele bila kuumiza mapafu

Mlio mwembamba unaotoka magurudumu ya nyuma kila dereva anapokanyaga breki mara nyingi husababishwa na vumbi lililojikusanya ndani ya dramu. Kuliondoa si kazi ngumu. Lakini kulipuliza kwa kompresa, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, humtia fundi katika hatari kubwa kuliko kero yote ya kelele hiyo.

Magari mengi madogo yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, kama Toyota Vitz na Probox, yana breki za diski mbele na za dramu nyuma. Ndani ya dramu mna viatu viwili vya chuma vilivyobandikwa nyenzo ya msuguano. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni za silinda ndogo, nazo huvitanua viatu hadi vikagusa ukuta wa dramu inayozunguka. Kwa kuwa uzito wa gari huhamia mbele linapopunguza mwendo, breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Za nyuma huchakaa polepole, na unga unaotokana na msuguano hubaki humo kwa muda mrefu kwa sababu hauna pa kutokea.

Kiatu kinapougusa ukuta wa dramu, hushika na kuachia, kisha hushika tena, haraka mno. Mtetemo huo ukizidi takribani mara 1,000 kwa sekunde, dramu huuvumisha kama kengele iliyogongwa. Vumbi, kutu, na uso wa kiatu uliokakamaa na kung'aa kwa joto huuchochea. Springi zilizolegea nazo hukiacha kiatu kicheze.

Sikiliza kabla ya kufungua

Kelele huonyesha ilikotoka. Ikisikika asubuhi tu na kupotea baada ya kukanyaga breki mara chache, huenda ni kutu nyepesi ya usiku. Hilo ni la kawaida Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwenye unyevu na chumvi ya bahari, wala halihitaji matengenezo.

Mlio mwembamba wa kila mara ukanyagapo breki huelekeza kwenye vumbi au viatu vilivyokakamaa. Mkwaruzo unaosikika hata mguu ukiwa nje ya pedeli huashiria kiatu kisichorudi mahali pake: springi imechoka, au waya wa breki ya mkono umekwama. Katika hali hiyo rimu moja huweza kupata joto kuliko ya upande wa pili. Ukisikia mngurumo wa chuma kusaga chuma, nyenzo ya msuguano huenda imekwisha. Usiendelee kuliendesha gari hilo. Kwa magari yenye diski nyuma, mlio unaweza kutoka kwenye kibati cha onyo ambacho baadhi ya pedi huwa nacho, kinachogusa diski pedi inapokaribia kwisha.

Kazi yenyewe

Magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, breki ya mkono huachiwa, na gari likishainuliwa huegemezwa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Dramu ikishatoka, fundi achunguze unene wa nyenzo ya msuguano na kuulinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Ainue taratibu mpira wa silinda: ukiwa na mafuta ya breki ndani, silinda inavuja. Viatu vilivyolowa mafuta hubadilishwa, tena vya magurudumu yote mawili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Dramu nyingi zimeandikwa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa. Iliyokipita haifai tena kukerezwa, hubadilishwa.

Mahali panaposahaulika ni bamba la nyuma. Lina vivimbe vidogo bapa ambavyo ukingo wa kiatu hutelezea juu yake. Vikikauka na kulika, kiatu hukwama na kulia. Visafishwe, kisha vipakwe grisi kidogo sana ya breki inayostahimili joto. Grisi au oili isiguse kabisa sehemu ya msuguano. Anayenyunyiza oili ili breki zinyamaze amezipunguzia nguvu ya kusimamisha gari.

Vumbi na mapafu

Kwa miaka mingi viatu na pedi za breki vilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzi yanayovumilia joto. Japani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku, na Marekani ilipitisha marufuku ya asbesto nyeupe mwaka 2024. Hata hivyo, magari ya zamani na vipuri visivyojulikana vilikotoka bado vinaweza kuwa nayo, na hakuna jicho linaloweza kuitambua.

Nyuzi zake zikivutwa huzama ndani ya mapafu na kubaki humo. Huweza kuleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka, mara nyingi miaka 20 hadi 40 baadaye. Kwa anayevuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka zaidi. Hata vumbi lisilo na asbesto lina chembe laini za metali zinazoudhi njia ya hewa.

Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe wala kufagiliwa likiwa kavu. Lilowanishwe kwa maji ya sabuni yanayotiririka taratibu, likingwe kwenye beseni, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Ovaroli za kazini zisipelekwe nyumbani, maana watoto nao watalivuta vumbi hilo.

Mwenye gari naye ana wajibu. Kabla dramu haijafunguliwa, mwombe fundi asafishe kwa maji, na umlipe muda wa ziada utakaotumika. Kijana anayejifunza kazi akiwa na miaka 18 leo anastahili kufika 60 akiwa na pumzi kamili.