Mila na Jinsia Katika Uongozi: Mkazi Apime Nini?

Msimamizi wa wadi, awe mwanamume au mwanamke, ana kazi ile ile chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012: kuratibu na kusimamia shughuli za serikali ya kaunti katika wadi yake. Hata hivyo, mila na jinsia huathiri namna anavyoongoza na namna wakazi wanavyompokea.

Katika jamii nyingi nchini, mkubwa huzungumza kwanza na kijana husubiri. Desturi hii hujenga heshima. Lakini ikiingia ofisini, mfanyakazi mchanga anaweza kuona kasoro katika mradi akanyamaza, asimwaibishe mkubwa wake. Dawa yake ni rahisi: msimamizi awape wadogo nafasi ya kusema kwanza. Mila hizo hizo zina hazina pia. Wazee wa baraza husikiliza pande zote kabla ya kuamua, na huo ndio msingi wa ushirikishaji wa umma.

Jinsia nayo ina mzigo wake. Mwanamume akitoa agizo kwa sauti kavu, husifiwa kuwa ana msimamo. Mwanamke akitoa agizo lilo hilo, huitwa mwenye kiburi. Akishauriana, huambiwa hawezi kuamua. Mwanamume pia hubanwa: akiomba ushauri huonekana dhaifu, hivyo huamua peke yake. Anayeumia ni mkazi. Kioski cha maji kinaweza kujengwa mahali pasipofaa kwa sababu kinamama wanaochota maji hawakuulizwa.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa kwa usawa. Kifungu cha 2 kinabatilisha sheria yoyote ya kimila inayokiuka Katiba. Mabadiliko yanaonekana: mwaka wa 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa kuwa gavana, mwaka wa 2017 walichaguliwa 3, na mwaka wa 2022 wakawa 7 kati ya magavana 47.

Kwa hivyo, mkazi anapompima msimamizi, ajiulize: Je, notisi ya kikao ilitolewa mapema? Je, kinamama, vijana na watu wenye ulemavu walisikilizwa? Je, sababu za uamuzi zilielezwa? Anayebaguliwa kwa misingi ya jinsia anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.