Ncha Nyembamba za Nywele: Zipunguzwe au Ziachwe?

Mwanamke wa Iftin, mjini Garissa, anayefuga nywele hukabiliwa na swali gumu: ncha zilizokonda zikatwe au ziachwe? Wako wanaoamini kuwa mkasi huharakisha ukuaji. Makala haya yananuia kufafanua suala hilo.

Ilivyo ni kwamba unywele huota kutoka ngozi ya kichwa, takriban sentimita 1 kila mwezi. Sehemu iliyokwisha kutoka nje haina uhai. Haihisi mkasi wala haijitibu. Hivyo basi, ncha ya unywele wa sentimita 48 imevumilia jua, vumbi, kitana na msuguano wa hijabu kwa miaka 4 hivi. Unga wa qasil, yaani majani ya mkunazi yaliyosagwa, husafisha nywele, nayo mafuta ya simsim huzilainisha. Lakini hakuna kiungacho ncha iliyopasuka.

Uamuzi, basi, hutegemea hali ya ncha. Zikiwa nyembamba tu bila mipasuko, ziachwe, kwani nywele za kichwa kimoja hazilingani umri. Zikiwa zimepasuka, zipunguzwe: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nywele zinazokatika sentimita 1 kwa mwezi husimama urefu ule ule, hata kama mwenyewe hajagusa mkasi.

Kipimo kinajulikana: ncha ya kidole, kama apunguzavyo mwanamke anapohitimisha umra. Akikata sentimita 2 kila baada ya miezi 4, bado atakuwa na ziada ya sentimita 2. Kupunguza, kwa hiyo, hakukuzi nywele. Hulinda zilizokwisha kukua.