Maombi pekee hayatoshi kwa kijana aliyepigwa risasi

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wakristo ndio waliolengwa, na baadhi yao walikuwa katika maombi ya asubuhi. Nchi nzima iliomboleza, na makanisa yakawaombea majeruhi.

Baada ya msiba wa aina hii, majeruhi huondoka hospitalini na kurudi nyumbani na kanisani kwao. Hali ni hiyo hiyo kwa kijana aliyepigwa risasi na majambazi mjini au na wezi wa mifugo huko Bonde la Kerio. Je, wewe muumini mwenzake wapaswa kumsaidia vipi?

Kwanza, fahamu kwamba risasi huharibu zaidi ya tundu unaloliona. Hurarua misuli na mishipa, na huvunja mifupa. Wakati mwingine daktari huiacha risasi mwilini kwa kuwa kuitoa kungeleta madhara makubwa zaidi. Usimtie mgonjwa hofu kwa kumwambia kwamba hakutibiwa vyema.

Ikiwa uti wa mgongo umeumia, huenda asihisi miguu wala haja ndogo. Asiyehisi maumivu hajui kwamba ngozi yake inaoza kwa kulalia upande mmoja. Anapokuwa kitandani yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na ngozi ya matako, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku. Akipata homa, au mkojo ukianza kunuka na kuwa mzito, apelekwe hospitali bila kukawia.

Mama mmoja hawezi kazi hii peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana na akina mama wa kanisa wakigawana zamu za kumgeuza, kumpikia na kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, watakuwa wamemwokoa na vidonda vinavyoweza kumuua.

Kuna pia jeraha lisiloonekana. Baada ya kupigwa risasi, mtu aweza kuota ndoto za kutisha, kushtuka mlango ukigongwa, kukasirika ovyo na kuogopa umati. Katika wiki za kwanza hayo ni kawaida, na wengi hupata nafuu polepole. Yakizidi mwezi mmoja, au yakimzuia kula, kulala au kusoma, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Hiki ni kiwewe. Si pepo, wala si upungufu wa imani, na kina tiba.

Nakumbuka kijana mmoja niliyemtibu jeraha la risasi begani. Bega lilipona vizuri, lakini hakuwa akilala. Nilipomdadisi nikagundua kwamba kila Jumapili aliitwa mbele ya waumini kutoa ushuhuda. Wao walishangilia, naye akarudi nyumbani kukesha akiisikia bunduki ile tena.

Kwa idhini yake, nilizungumza na mchungaji. Alisikitika, kwani hakujua. Tangu siku hiyo kijana aliachwa anyamaze, akatengewa kiti karibu na mlango ili atoke ngoma zikimlemea, na mzee mmoja akawa anamsindikiza kwa mshauri. Baada ya miezi kadhaa alirudi kwenye kwaya kwa hiari yake.

Kwa hivyo usimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza. Usimharakishe kusamehe. Usimwambie kwamba Mungu alimwokoa kwa sababu maalum, hasa kama rafiki yake alikufa kando yake. Atajiuliza kwa nini yule hakuokolewa, na hatia hiyo humla moyo.

Mwombee, lakini usimwambie aache dawa kwa kuwa ameombewa. Naye akisema kwamba afadhali angekufa, usimkemee. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, msimalize pesa zote kwa harambee ya siku moja. Majeraha haya hudai nauli, dawa, mipira ya mkojo na karo kwa miaka. Mchango mdogo wa kila mwezi una faida kubwa zaidi. Akibaki na ulemavu, msaidieni kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mjenge njia ya kiti cha magurudumu kwenye mlango wa kanisa.

Wiki ya kwanza nyumba hujaa wageni. Wewe nenda mwezi wa sita, wakati hakuna anayebisha hodi.